Nani Alimuua Mzee? Mchezo wa Watu Sita wa Kukifundisha Kijiji Kuuliza

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Magarini)



Tumeombwa tuzungumze juu ya michezo ya kuigiza. Wengine wenu mmetoka Marafa na Garashi, wengine Adu, wengine Gongoni na Marereni, na tunajua kila mmoja ameacha kazi shambani au sokoni. Kwa hivyo hatutawachosha. Tutazungumza juu ya aina moja tu ya mchezo: ule unaoanza na mtu aliyeuawa, watu wachache waliokuwa karibu naye, na swali moja, nani amefanya? Tutaeleza kwa nini tunaona mchezo wa namna hiyo unatufaa hapa Magarini, na vile watu sita wa kikundi wanavyoweza kuuandaa bila pesa nyingi.

SWALI TUSILOULIZA

Kuku akiibwa hapa kwetu, kijiji kizima kinageuka polisi. Tunafuata nyayo. Tunatafuta manyoya yametupwa wapi, mbwa walibweka saa ngapi, nani alionekana njiani na kikapu asubuhi mapema. Mpaka jioni mwizi amejulikana, au angalau tumebaki na watu wawili tunaowashuku.

Sasa mzee akikatwa panga usiku nyumbani kwake, inakuwaje? Asubuhi watu wanakusanyika, wanatazama, mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Lakini si mnajua alikuwa mchawi?" Basi. Neno hilo likishatoka, maswali yote yamekufa. Hakuna anayeuliza mbwa walibweka saa ngapi. Hakuna anayeuliza shamba litabaki na nani. Kuku amefuatwa kuliko mzee wa watu.

Jamani, hatusemi jambo la mbali. Katika Kaunti hii ya Kilifi mvi zimekuwa hatari. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane ni wazee. Wako waliokimbia miji yao wenyewe wakapata hifadhi kule Kaya Godoma, Ganze, mahali palipofunguliwa kuwapokea wazee waliosingiziwa uchawi. Mtu aliyepanda minazi yake kwa mikono yake analala ugenini, na watoto wake wako nyumbani wanaangua nazi.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Sheria ya Uchawi ya tangu 1925 inasema kumshtaki mtu kwamba ni mchawi ni kosa, isipokuwa kama unapeleka jambo hilo kwa mwenye mamlaka, kama vile chifu au polisi. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, ina neno ambalo vijana wengi hawalijui: aliyemuua mtu hapati fungu lolote katika mali ya yule aliyemuua. Anayemuua baba kwa ajili ya shamba, sheria imemnyima shamba hilo.

Lakini sheria inahitaji ushahidi, na ushahidi unahitaji watu wanaouliza na watu wanaosema. Hapo ndipo mchezo unapoingia. Ukiwahutubia watu kuhusu mauaji ya wazee, wataitikia kwa vichwa na kwenda zao. Ukiwawekea mchezo wenye fumbo la mauaji, wataanza kuuliza wao wenyewe, kwa sauti, kabla hujawaambia waulize.

WA KALE WALIULIZA

Wengine watasema, upelelezi ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Wakristo wanaosoma Biblia ya Kikatoliki wamfungue Danieli, sura ya 13. Suzana amesingiziwa na wazee wawili wenye cheo, mkutano umewaamini, na anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anafanya nini? Anawatenganisha wale mashahidi wawili na kumwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja mti mwingine. Uongo umepasuka, mama wa watu ameokoka. Swali moja dogo, lililoulizwa mara mbili.

Ndugu zetu Waislamu wanalo la Nabii Yusufu katika Kurani. Amesingiziwa na mke wa bwana wake. Anatokea mtu wa nyumba ileile anasema, itazameni kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mama amesema kweli, ikiwa imechanwa nyuma, yeye ndiye mwongo. Wakatazama, ikawa imechanwa nyuma. Kanzu ilisema kuliko watu.

Hata katika Kiswahili chetu jambo hili si geni. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 kwa hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale", na kitabu kikatoka 1960. Bwana mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa penye mzimu. Watu wanaogopa mahali pale. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, haogopi mzimu, anauliza habari za watu walio hai. Mwandishi huyu alikuwa pia mhariri wa "Mkulima", gazeti la wakulima. Alizungumza na watu wa jembe kama sisi. Kikundi chenye vijana wanaosoma kikitafute kitabu hiki. Si mchezo wa jukwaani, lakini kinafundisha jinsi fumbo linavyofungwa na kufunguliwa.

MCHEZO ULIODUMU KULIKO YOTE

Sasa tuangalie mchezo wenyewe wa jukwaani. Katika mji wa London, Uingereza, kuna mchezo uitwao "The Mousetrap", yaani mtego wa panya. Uliandikwa na mama mmoja, Agatha Christie, ukaanza kuonyeshwa 1952. Umeonyeshwa mfululizo mpaka 2020 ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ukafunguliwa tena 2021. Hakuna mchezo mwingine duniani uliodumu jukwaani hivyo.

Tunautaja kwa sababu tatu, na zote zinatuhusu.

Ya kwanza, una waigizaji wanane tu na chumba kimoja. Hakuna farasi, hakuna jumba la mfalme. Theluji imeanguka, barabara imezibwa, waliomo ndani hawawezi kutoka na wa nje hawawezi kuingia kwa urahisi. Hofu yote inatokana na hilo: muuaji ni mmoja wetu tuliokaa hapa.

Ya pili, kila mwisho wa mchezo watazamaji huombwa wasiende kuwaambia wengine muuaji ni nani. Nasi tutaheshimu ombi hilo, hatutasema.

Ya tatu ndiyo kubwa. Mchezo huo ulianza kama mchezo wa redio wa 1947, na mbegu yake ni jambo la kweli. Mwaka 1945, mtoto wa miaka 12, Dennis O'Neill, aliyekuwa amewekwa na serikali alelewe katika shamba la watu, alikufa kwa kupigwa na kuachwa na njaa. Uingereza nzima ilishtuka. Uchunguzi ukafanywa, na kifo chake kikawa miongoni mwa mambo yaliyosukuma kutungwa sheria mpya ya watoto, 1948. Mwandishi hakuchukua jina la mtoto wala la shamba. Alitunga watu wengine, mahali pengine. Lakini ndani ya mchezo lile swali limebaki: mtoto alipokuwa akiteseka, nani alijua na hakufanya kitu? Watu wanakwenda kustarehe, wanakutana na swali hilo.

Basi na sisi tunaweza.

KWA NINI TUUWEKE ZAMANI

Ushauri wetu ni huu: mchezo wenu usiwe wa mwaka huu wala wa mwaka jana. Uwekeni zamani, wakati ambao hakuna aliye hai anayeweza kusema "mnanisema mimi". Mkiigiza kifo cha jana, mtawasha moto. Mkiigiza kifo cha wakati wa babu zetu, kila mtu atatazama bila kujificha, na atakayejiona ndani yake atajiona kimyakimya.

Na wakati wenyewe tunao. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ikawatoza Wagiriama faini kubwa, ikawafukuza waliokuwa wakilima upande huu wa kaskazini wa Sabaki. Baadaye watu wakarudi, wakaanza upya. Mekatilili wa Menza alikuwa bado hai; kaburi lake si mbali, liko Bungale, hapa hapa Magarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia zikaachwa, shilingi zikaingia. Kodi ya nyumba inadaiwa. Mashamba yanagawanywa upya na kila mtu anataka mpaka wake. Tuseme basi ni mwaka 1922, mji mmoja wa Kigiriama kaskazini mwa mto. Mji huo msiupe jina.

Wazee wenu wanayo mengi ya wakati huo waliyosimuliwa na wazazi wao. Waendeeni. Waulizeni watu walivaa nini, walikaa juu ya nini, matanga yalikwendaje, maji yalitekwa wapi. Kazi hiyo peke yake ina faida: mzee anayeulizwa habari za zamani na vijana wa kikundi ameanza kuonekana ni hazina.

HADITHI YENYEWE

Tunawapa mfano. Ni wenu, uongezeni au upunguzeni.

Ni msimu wa masika. Sabaki imefurika. Hakuna anayevuka kwenda Malindi, wala askari wa Malindi hawezi kuja. Mto ndio theluji yetu. Alfajiri mzee wa mji amekutwa amekufa njiani, nyuma ya boma. Mchezo unaanza watu wamekwisha kurudi kuzika. Mzee mwenyewe hatumwoni kamwe. Tunaona kigoda chake kitupu, na hakuna anayekikalia mpaka mwisho.

Waigizaji ni sita. Shangazi, dada wa marehemu, aliyekuja matangani. Mjane. Mwana mkubwa. Mdogo wa marehemu. Mganga. Na mwenye duka kutoka njia ya Mambrui, aliyezuiwa na mafuriko.

Tayari watu wananong'ona kwamba marehemu alikuwa mchawi, "amelipwa". Na sasa mnong'ono umehama: mjane naye ndiye aliyebaki na dawa zake. Imeamuliwa maji yakipungua siku ya tatu, mjane apelekwe kwenye kiraho. Mnaona? Kuna wa pili ambaye bado anaweza kuokolewa, na muda ni mfupi. Hilo ndilo litakalowaweka watazamaji wasiende kununua mahamri katikati ya mchezo.

Shangazi hagombani na mtu. Anauliza maswali ya kimama, huku anapepeta mahindi. Polepole yanatokea mambo manne.

La kwanza ni mvua. Usiku ule ilinyesha tangu magharibi mpaka jogoo la kwanza. Lakini nguo ya marehemu ilikutwa kavu mgongoni, chini yake tope. Basi aliuawa baada ya mvua kukatika. Na yuko mtu aliyesema alisikia kelele "kabla mvua haijaanza".

La pili ni fimbo. Mzee hakutembea bila fimbo, na fimbo imekutwa nyuma ya mlango. Basi hakwenda safari. Aliitwa hapo nje tu, na sauti aliyoijua, na mtu aliyempa mkono wa kumshika.

La tatu ni rupia. Mzee alikuwa amezika chungu cha rupia. Mwenye duka, baada ya kuzungushazungusha maneno, anakumbuka kwamba siku mbili kabla ya kifo kuna mtu alipita dukani kumwuliza kama rupia bado zinapokelewa. Nani alijua habari za chungu mzee angali hai?

La nne ndilo zito. Shangazi anauliza: neno "mchawi" ulilisikia kwa nani? Mjane aliambiwa na mganga. Mganga aliambiwa na mwana. Mwana aliambiwa... Anakwenda hivyo mtu mmoja mmoja, kama anayefuata kamba ya mbuzi gizani, mpaka afike kwenye kigingi. Aliyelitamka kwanza ni nani, na alilitamka lini? Alilitamka juma lile lile mzee aliposema atagawa shamba.

Muuaji tunawaachia ninyi. Kwa ushahidi huu anaweza kuwa mwana, anaweza kuwa mdogo wa marehemu. Kikundi kichague mmoja, kihakikishe kila neno linamfaa huyo na halimfai mwingine, na kitunze siri mpaka siku yenyewe, hata kwa wake na waume zenu.

Lakini jambo moja msiliache. Kila mmoja wa wale wengine awe alijua kipande. Mwenye duka aliulizwa habari ya rupia akanyamaza kwa sababu ni mteja wake. Mganga aliombwa athibitishe kwamba mzee ni mchawi. Alikataa, lakini hakumwonya mzee. Mjane alisikia mumewe anaitwa, akajua ni sauti gani, akaogopa kuitaja. Hata yule ndugu asiye na damu mikononi aliisikia mipango ikapita sikioni. Wangeweka vipande vyao pamoja siku moja kabla, mzee angekuwa amekaa kwenye kigoda chake.

NAMNA YA KUUANDAA

Mwelekezi awe mmoja na asiigize. Akiigiza, hataona makosa ya wenzake. Awe mtu anayesikilizwa na vijana na wazee.

Mazoezi yawe mara mbili kwa juma, kama wiki sita. Wasiojua kusoma wasiachwe. Sehemu isomwe, kila mmoja aseme kwa maneno yake, halafu ifungwe hivyo. Changanyeni Kigiriama na Kiswahili kama mnavyosema nyumbani. Mwenye duka peke yake ndiye anayesema Kiswahili tupu. Mchezo wote usizidi saa moja.

Ushahidi urudiwe. Nyimbo ya watoto, kilio cha mtoto mchanga, wanaochelewa kufika, vyote hivyo vitameza maneno. Kwa hivyo kila ushahidi mkubwa usemwe mara tatu, na watu tofauti, kwa njia tofauti: fimbo ionekane, itajwe, ishikwe mkononi.

Muuaji asitembee kama muuaji. Hili ni kosa la waigizaji wengi wapya, wanakunja uso tangu mwanzo na watoto wanapiga kelele "ni yule!" Muuaji awe ndiye anayewakaribisha wageni vizuri, anayejali mjane ale. Kichekesho mpeni mwenye duka, maana watu wakicheka wanatulia kusikiliza. Mganga msimfanye shetani wala mjinga. Mpeni naye neno la kweli.

Panga lisionyeshwe. Wala damu. Kwenye umati kuna watoto, na huenda kuna mtu aliyemzika wake kwa kifo cha namna hiyo. Kigoda kitupu kinatosha.

Mahali ni chini ya mwembe au mkorosho mkubwa. Watazamaji wakae pande tatu, walipe jua mgongo. Waigizaji waupe upepo mgongo ili sauti iwafikie watu. Anzeni saa kumi jioni. Hamtahitaji taa, na wazee watafika nyumbani mapema.

Vifaa vipo majumbani: leso, shuka, hando la bibi kama bado lipo, kigoda, fimbo, chungu, ungo, mkeka. Rupia zinaweza kukatwa kwenye bati. Gharama kubwa itakuwa chai ya waigizaji, na hiyo kikundi hakikosi.

Na ruhusa? Wakubwa mnakumbuka. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu kule Limuru walijenga jukwaa lao wenyewe, wakaigiza "Ngaahika Ndeenda" ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ya wakati huo ikaondoa kibali baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Leo Katiba, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa sanaa. Hata hivyo mjulisheni chifu na kituo cha polisi mapema, na waalikeni. Tunataka wawepo, maana mchezo wetu unasema habari za kazi yao pia.

MCHEZO USIMAME KABLA YA MWISHO

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Shangazi akishafika mwisho wa maswali, kabla hajamtaja mtu, mchezo usimame. Waigizaji wakae kimya mahali pao. Mwelekezi atoke mbele awaulize watazamaji: ni nani?

Watapiga kelele, na ni vizuri. Lakini wekeni sharti moja: anayetaja jina ataje na ushahidi. "Namshuku mganga kwa sababu ni mganga" haikubaliki. "Namshuku kwa sababu nguo ilikuwa kavu" inakubaliwa. Mtaona watu watakavyoanza kurekebishana wenyewe. Bibi mmoja atasema, hapana, wewe hukusikia habari ya fimbo. Kijana atasema, lakini rupia je? Hapo kijiji kimeanza kufanya kwa mzee kile ambacho siku zote kilikifanya kwa kuku.

Tegemeeni pia kwamba wengine watamtaja mjane, bila sababu, kwa kuwa ni mjane tu. Msiwaaibishe. Waulizeni lile lile: ushahidi gani? Wakikosa jibu, waacheni na kimya chao. Kimya hicho kitafanya kazi usiku.

Baada ya robo saa, mchezo uendelee umalizike. Muuaji ajulikane. Mjane aachwe huru. Na shangazi asimame mbele ya watu aulize maswali matatu: Nani alishika panga? Nani alimtuma? Nani alijua akanyamaza? La tatu asilijibu. Akikalie kigoda cha kaka yake, mchezo uishe.

TAHADHARI

Tunawasihi sana. Msiigize kesi iliyoko mahakamani. Msipeleke mchezo kwenye mji uliofiwa hivi karibuni. Subirini, na waulizeni wenyewe. Msitumie jina la mtu wa kijijini hata kwa mzaha. Msimfanye muuaji kuwa mtu wa kabila jingine au dini nyingine. Tukimfanya mgeni, wote tutarudi nyumbani tukiwa safi, na mchezo utakuwa umetudanganya. Na msiuingize ubishi wa kama uchawi uko au hauko. Ubishi huo hauishi, na mzee hana muda wa kuusubiri. Mchezo uulize tu nani aliua.

Pia jihadharini na mtu mwoga anayekuja baada ya mchezo kwa siri kuwaambia jambo la kweli analolijua. Atakuja. Msimtangaze. Kaeni naye, mwende naye kwa polisi au kwa ofisi ya huduma za jamii, na kama kuna mzee aliye hatarini, tafuteni kwanza usalama wake. Kikundi kisijifanye mahakama.

BAADA YA MCHEZO

Mchezo ukiisha na watu wakapiga makofi tu, tumestarehe, na kustarehe si vibaya. Lakini kikundi kinaweza kuondoka na mawili matatu. Andikeni wazee wote wanaoishi peke yao katika eneo lenu, na mgawane kuwatembelea kila juma. Waelezeni wenye mashamba faida ya kusema mbele ya watu, wakiwa hai, nani atapata nini. Wosia wa kuandikwa unahitaji mashahidi wawili tu wa kushuhudia sahihi. Shamba lililogawanywa mchana mbele ya watu halina sababu ya kutafutwa usiku. Na kubalianeni kwamba mwanachama akisikia neno "mchawi" linatajwa juu ya mtu, atauliza hapo hapo: umelisikia kwa nani? Halafu amfuate huyo naye amwulize.

Maneno hayo matatu hayahitaji jukwaa wala mavazi. Yanaweza kuulizwa kisimani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, mzee akisingiziwa uchawi, kwa kawaida kuna ugomvi gani mwingine nyumbani kwake: shamba, minazi, mifugo, mahari?

2. Ni mambo gani yanayowafanya watu wenye habari wanyamaze? Ni hofu, undugu, au biashara? Kikundi kinaweza kumsaidiaje mtu huyo aseme?

3. Nani kati yetu anafaa kuwa mwelekezi, na nani wa kuwa shangazi? Ni mzee gani tutakayemwendea kwanza atusimulie ya zamani?